Maji Yakipwa Narrabeen

Narrabeen, 5 Julai 2021

Achola dadangu,

Umesema skrini ya simu yako imepasuka, basi tumerudi kwenye zama za baba na stempu zake. Sijaandika barua tangu shule ya bweni. Mwandiko wangu unaujua. Ukikushinda mpe mumeo Rufus akusomee.

Huku kambini kumebaki kimya. Walipofunga mji kwa sababu ya ugonjwa huu, watalii wote waliondoka na mahema yao, nikabakizwa mimi fundi kuziba mabomba na kufyeka nyasi kati ya makaravani matupu. Kazi ikiisha, navuka barabara na kuingia ziwani. Ziwa hili la chumvi unalikumbuka, mlikuja wote Krismasi ile. Bahari iko ng'ambo ya mchanga na maji yanapita kwenye mlango mmoja tu. Yakipwa yanatoka hapo kwa kasi, yanakokota kila kilicho kidogo.

Mwambie Rufus kwamba Jumamosi nimemnasa mama wa vichwabapa wote. Nilikuwa nimesimama maji ya mapajani, pale mfereji unapopinda. Kichwabapa hafukuzi chakula. Anajizika mchangani, na mgongo wake wa madoadoa unafanana na changarawe hata ukimkanyaga hujui. Macho tu ndiyo yako nje. Anangoja maji yamletee mkizi mdomoni. Nikarusha kisamaki changu cha mpira, nikakiacha kizame, nikawa nakirukisha chini taratibu. Kikagota. Nilidhani nimenasa gogo, mpaka gogo likatikisa kichwa.

Achola, alinivuta! Mshipi ulinikata kidole. Kila nikimleta karibu anageuka, anapiga mkia, mchanga unatimka kama vumbi la barabarani. Nilipomshika, mwiba wa shavuni ukaniingia kiganjani, na damu yangu ikachanganyika na yake humo majini. Urefu wake ni kutoka kiunoni kwangu hadi chini ya goti. Wakubwa namna ile wote ni majike, ndio wanaobeba mayai, kwa hiyo nilimtoa ndoano nikamrudisha. Rufus atanitukana, najua.

Je, mko salama huko Granville? Nasikia ugonjwa umehamia upande wenu. Nawe na wazee unaowauguza kazini mnajikinga vipi?

Ndugu yako,
Oloo

*

Granville, 21 Julai 2021

Kwako Oloo, mzee wa samaki,

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, nikacheka peke yangu mpaka Jerotich akaja kuangalia kama nimepata wazimu. Nilishakutajia Jerotich, yule muuguzi mkuu wa shifti yetu, Mkalenjin mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride. Anakusalimu.

Huku helikopta haishi kuzunguka juu ya mapaa. Mitaa yetu imefungwa kuliko ya wengine, na kutoka ni kwa kazi maalumu tu. Mimi natoka kwa sababu ya wazee. Rufus hatoki. Kazi zote za ujenzi zimesimamishwa, na hata zikifunguliwa wa huku hawataruhusiwa kuvuka. Mtu aliyezoea kubeba vyuma siku nzima, sasa anabeba rimoti. Kelele kidogo inamuudhi. Ni kawaida, wanaume wote wa jengo letu wako hivyo.

Nakuomba barua zako uendelee kuzituma huku kazini Parramatta. Sanduku letu la nyumbani watoto wa jirani wamelivunja. Na usimpigie Rufus simu, maana anaitumia kutafuta kazi, na ikilia bure anakasirika.

Samahani kwa mwandiko mbaya. Niliteleza bafuni nikaumia kifundo cha mkono wa kulia, kwa hiyo naandika kama mtoto wa chekechea. Kinapona.

Nina swali, usinicheke. Yule samaki ulipomrudisha, aliondoka mara moja, au alikaa palepale? Nimekuwa nikilifikiria hilo nikiwa kwenye treni, sijui kwa nini.

Wako,
Achola

*

Narrabeen, 30 Julai 2021

Shemeji Rufus,

Najua utashangaa kupata kifurushi kutoka kwangu. Humo ndani kuna samaki wa mpira kumi na mbili, wa rangi ile ya chupa unayoipenda, na ndoano zake nzito. Siku watakapofungua mji, mimi na wewe hatutalala. Tutaanzia pale kwenye daraja mpaka mlango wa bahari.

Achola alinikataza nisikusumbue kwa simu, na barua anataka nizitume kazini kwake, eti sanduku lenu limevunjwa. Lakini zawadi ya mwanamume haipitii mlango wa nyuma, nikasema nijaribu tu anwani ya nyumbani, ikifika imefika. Ameniandikia kwamba mikono yako imekosa kazi na moyo umekuwa mzito. Usione haya, shemeji. Hata mimi nikikaa siku mbili bila kushika spana nagombana na kuta.

Unakumbuka mwaka juzi nilivyozama kwenye tope kule nyuma ya mikoko? Nilikuwa nimekwama hadi kifuani na maji yanajaa. Ulijilaza kifudifudi juu ya tope, ukanishika mkanda ukanivuta, na bega lako likateguka na bado hukuniachia. Jioni yake ukampata yule kichwabapa mkubwa, ukampiga jiwe la kichwa, ukampiga, ukampiga, mpaka nikakwambia, "Bwana, huyo alikufa zamani." Ukasema hukusikia. Tulicheka mpaka machozi.

Na mke wako naye ana maswali! Ananiuliza eti samaki niliyemwachia aliondoka mara moja au alikaa palepale. Mwambie alikaa. Nilitoa mikono yangu, naye akabaki hapo mbele ya miguu yangu kama hajui kwamba ameachwa. Ilibidi nimguse mkia.

Mwangalie vizuri huo mkono wake alioumia bafuni. Ninyi wawili ndio watu wangu katika nchi hii.

Shemeji yako,
Oloo

*

Granville, 6 Agosti 2021

Mpendwa Kaka Oloo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Naichapa kwa kompyuta kwa sababu mkono bado unauma.

Nakujulisha kwamba mimi na mume wangu tumekaa tukazungumza, na nimeamua kuacha kazi. Ugonjwa ni mwingi na familia ni muhimu kuliko kazi. Kwa hiyo usitume tena barua Parramatta. Kwa sasa ni bora usiandike kabisa, kwa sababu barua zako zinaleta maneno kati yangu na mume wangu. Mambo ya ndani ya nyumba hayapaswi kupelekwa kwa watu wa nje, hata kama ni ndugu.

Jana nilianguka kwenye ngazi za nyumba nikaumia uso kidogo. Nakwambia ili usije ukasikia kwa watu wakakudanganya. Niko vizuri.

Rufus anashukuru kwa samaki wa mpira.

Dada yako mpendwa,
Achola

*

Parramatta, 10 Agosti 2021

Ndugu Oloo,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Jerotich, nafanya kazi na dada yako. Anwani yako nimeisoma nyuma ya bahasha zako. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha, na ukimaliza kusoma piga. Naandika kwanza kwa sababu haya nikianza kukwambia kwa mdomo nitalia, na sipendi.

Dada yako hajawahi kuteleza bafuni. Mkono wake Rufus aliukunja kwenye mlango wa friji. Simu haikupasuka skrini, aliitupa ukutani. Sanduku lao la barua halijavunjwa na mtu. Kwamba anapigwa nilijua tangu Juni, na aliniapisha nisimwambie yeyote, hasa wewe, maana alisema wewe ndiye uliyemkutanisha na huyo mtu na utaumia. Nimekishika kiapo mpaka leo. Sasa nakivunja.

Jana Jumatatu Rufus alimleta getini kuja kuacha kazi. Yeye alibaki kwenye gari, injini inanguruma, dirisha limeshushwa. Nikatoka na barakoa yangu, Achola na yake, tumesimama mbali kama tunavyotakiwa. Akasema kwa sauti, "Sister Jerotich, naacha kazi, nashukuru kwa yote." Halafu akampa Rufus mgongo, akashusha barakoa yake mpaka kidevuni, akaipandisha tena. Haikuchukua hata pumzi moja. Mdomo wa chini umepasuka mpaka kwenye ngozi ya kidevu, na shingoni kuna alama za dole gumba, mbili, kila upande moja. Nimeuguza miaka ishirini. Alama hizo zikishaonekana shingoni, safari inayofuata huwa ni ya mochari.

Niliita polisi. Walienda. Achola alifungua mlango, Rufus akiwa nyuma yake na mkono begani kwake, akawaambia yuko salama. Wakarudi. Sikuwalaumu, wala yeye simlaumu.

Nakuomba usije Granville. Najua utataka. Kuna wanajeshi barabarani, watakurudisha, na Rufus akijua tu kwamba umejaribu, hasira zake atazimalizia kwa Achola. Rufus amemwambia kwamba akitoka nje bila kibali atakamatwa yeye, na anaamini, kwa sababu kila siku kwenye taarifa ya habari wanaonyesha watu wakipigwa faini. Si kweli. Nimeuliza mwenyewe. Mtu anayekimbia kipigo anaruhusiwa kutoka saa yoyote, kwenda popote. Shida ni kumfikishia hilo neno.

Kanisa letu linapeleka chakula kwenye milango ya watu waliofungiwa. Tunaweza kuweka Granville kwenye zamu yangu. Tafuta utakachomwandikia.

Jerotich

*

Narrabeen, 16 Agosti 2021

Achola,

Barua hii iko chini ya unga wa ugali. Ukishaisoma ichane uimwage chooni.

Nimeongea na Jerotich. Najua. Barua yenu ya kompyuta ilipofika niliisoma mara mbili nikawa sielewi, mpaka nikafika kwenye ngazi. Nyumba yenu iko chini kabisa, mlango unafungukia kwenye nyasi. Tena tangu lini ukaniita mpendwa kaka?

Mimi ndiye niliyemwandikia Rufus. Mimi ndiye niliyemwambia. Hilo tutalizungumza ukiwa mzima.

Sheria inakuruhusu kutoka. Nakuandikia tena: sheria inakuruhusu. Aliyokwambia Rufus ni uongo. Alhamisi ni siku ya mapipa ya taka kwenye mtaa wenu. Jerotich atapita asubuhi na gari lake jeupe, ana kibali cha kazi, ataenda polepole. Sukuma pipa mpaka barabarani kama kawaida yako. Usibebe mkoba wala pasipoti, vitu vitapatikana. Asipokuona atarudi Alhamisi inayofuata, na inayofuata.

Kitanda cha karavani nimekitandika. Nitalala sakafuni.

Oloo

*

Ermington, kwa Jerotich, 31 Agosti 2021

Oloo wangu,

Hospitali hawaruhusu mgeni hata mmoja. Muuguzi wa wodi yako ameniambia taya lako limefungwa kwa waya na kwamba umeandika kwenye ubao: RUFUS YUKO WAPI? ACHOLA YUKO WAPI? Ananiahidi atakusomea hii kwa kutamka herufi tu, maana Kiswahili hajui. Basi subiri uisome mwenyewe kwa jicho lililobaki wazi.

Mimi niko hapa, nimeandika kwa mkono wangu. Rufus hakufa. Hukumuua, na mimi sikumuua. Yuko rumande, na jeraha lake limeshonwa.

Nitakusimulia kuanzia mwanzo, kwa sababu siku zile kwenye karavani uliniuliza nimetokaje nikashindwa kufungua mdomo.

Alhamisi ile funguo zilikuwa mfukoni mwake. Pipa lilikuwa limejaa na linanuka, akanifungulia akasimama dirishani. Nilisukuma. Gari la Jerotich lilikuwa linakuja polepole kama gari la maiti. Nilifika ukingoni nikaendelea kusukuma, nikaliacha pipa katikati ya barabara, nikaingia. Nilikuwa na ndala. Mlango haujafungwa vizuri Rufus akawa ameshafika, akapiga kioo cha nyuma kwa tofali la bustani, kioo chote kikaniangukia kichwani. Jerotich alipiga honi moja, mfululizo, tangu Granville mpaka tukapita Parramatta, kama vile honi ndiyo iliyokuwa ikiendesha gari. Kituoni nilieleza kila kitu. Polisi walienda kumchukua, wakakuta nyumba wazi na gari halipo.

Jerotich akanifikisha kwako, nikalala siku mbili. Jumapili asubuhi ukasema twende majini nipate hewa, maji yanapwa, hakuna mtu. Nilitaka kukataa. Lakini ulikuwa umeshapakia fito na kulabu ya kuopolea samaki kwenye kile kijitumbwi, na sura yako ilikuwa ya mtu anayetaka sana kutoa kitu alichonacho, na ulichonacho ni hicho.

Tulikuwa kwenye fungu la mchanga ukingoni mwa mfereji. Ulikuwa unanionyesha pale kichwabapa alipolala usiku, shimo lenye umbo lake. Nikainua macho nikamwona Rufus anakuja ndani ya maji kutoka upande wa miti, peku, suruali imekunjwa. Anaijua ile njia, ulimwonyesha mwenyewe. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Achola, twende nyumbani. Gari liko pale."

Ukasimama katikati yetu. Ukamwambia, "Rufus, rudi." Ukamwambia, "Bwana, tafadhali." Ulimwomba, Oloo. Nilisikia.

Akachukua kafi kwenye mtumbwi. La kwanza lilikupata taya. Mlio wake ulikuwa kama wa ubao unaopasuliwa kuni. La pili lilikupata jicho. Ukaanguka kifudifudi, naye akakukalia mgongoni, akashika kisogo chako kwa mikono miwili akakisukuma chini. Maji yalikuwa ya magotini tu. Miguu yako ilipiga, ikapiga, mchanga ukatimka mpaka sikuona tena kichwa chako. Alikuwa ananiangalia mimi. Hakukuangalia wewe hata mara moja. Akasema, "Unaona unachokifanya?"

Ng'ambo kulikuwa na mama mmoja na mbwa wake, anapiga kelele kwenye simu. Alikuwa mbali mno.

Nikachukua kulabu. Nilimwambia afisa wa upelelezi na nakwambia wewe: nililenga shingo. Mimi ni muuguzi, najua mshipa uko wapi. Akageuka, ikaingia begani, chini ya mfupa. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Alinguruma akakuachia, akanishika nywele, na sikuachia mpini, naye hakuachia nywele, tukawa tunazunguka kwenye maji mekundu kama watoto wanaocheza. Nywele ndizo zilizokatika kwanza. Alirudi nyuma hatua moja akakosa mchanga, akaingia mferejini na kulabu ikiwa bado imening'inia begani, na maji yanayotoka yakambeba. Sikumfuata kwa macho. Polisi walimtoa kwenye nguzo ya daraja, alikuwa ameikumbatia.

Nilikuburuta mpaka pakavu. Hukuwa na pumzi. Nilikupulizia kinywani, taya likawa linacheza mkononi mwangu, nikakubonyeza kifua mpaka nikasikia ubavu mmoja umelia. Yule mama akavuka akaja, hajui kitu, akapiga magoti tu akashika mkono wako. Ulipotapika maji, ukatoa na jino. Nikalichukua sijui la nini, nikalitia mfukoni.

Hawakunishtaki. Afisa aliniuliza mara tatu kama nina hakika nililenga shingo, kana kwamba ananipa nafasi. Nikamwambia nina hakika. Nimechoka kuteleza bafuni.

Pumzika.

Achola

*

Wodini, 14 Septemba 2021

Achola,

Naandika kwa jicho moja, mistari inapanda mlima. Daktari amesema la kushoto halitarudi. Taya litafunguliwa mwezi ujao. Nakunywa supu kwa mrija, supu ya maboga kila siku.

Ningekuwa na akili ningeielewa ile habari ya mkono wako. Ningejua tangu jiwe na yule samaki. Nilicheka. Naamka nikiisikia ile barua yangu kwake, neno kwa neno, na kicheko changu ndani yake. Nisamehe. Nimekwisha kukuandikia hivyo mara mbili nikachana, sasa naacha.

Nakuomba jambo moja. Mama asijue. Yuko Voi peke yake na presha yake, ndege hakuna, hata akitaka kuja hawezi. Mwambie nilianguka mtumbwini, kafi likanipiga. Mwambie wewe na Rufus mmeachana kwa wema. Likimfikia jinsi lilivyo litamuua.

Mzee Ildephonse, Mrundi aliye kitanda cha pili, ananisaidia kukata karatasi. Anauliza dada yangu ni mwanajeshi?

Oloo

*

Ermington, 10 Oktoba 2021

Oloo wangu,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sijui nitafanyaje na ombi lako. Sasa nimeshafanya, kwa hiyo nakwambia.

Nilimpigia mama Jumapili iliyopita, baada ya ibada yao. Nilikuwa nimepanga kusema mtumbwi. Nilianza hata, nikasema, "Mama, Oloo alikuwa ziwani..." Mama akasubiri, kama anavyomsubiri mtu wa dukani anayejumlisha vibaya. Nikamwambia yote. Friji, shingo, barakoa, pipa, kafi, kulabu. Nilimtaja Rufus kwa jina lake kila mara badala ya kusema "mwenzangu." Nilimwambia na jicho lako.

Hakulia. Akaniuliza, "Ulimpata wapi?" Nikasema begani. Nilisikia kuku nyuma yake na redio ya jirani. Akasema, "Mimi baba yako nilimkosa kabisa." Halafu akaniuliza kama ninakula.

Sijui la kufanya na maneno hayo, Oloo. Tulikuwa wapi, mimi na wewe? Tulikuwa tunalala chumba kilekile kilichopakana na chao. Tangu siku hiyo ananipigia kila asubuhi, hasemi mengi, ananieleza mvua na bei ya mahindi. Presha yake imeshuka, mtu wa kliniki amemwambia.

Kuhusu barua yako kwa Rufus: nilikasirika. Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Usiku wa tarehe tano Agosti, alipokuwa ananisomea maneno yako kwa sauti, neno moja moja, na kila likiisha ananipiga, nilikuchukia wewe kuliko yeye. Ilikuwa rahisi zaidi. Imepita. Nilikaa nayo hapa kwa Jerotich mpaka ikachoka ikaondoka yenyewe. Usiniombe msamaha tena, nimekwisha kukupa, na ukiomba mara nyingi nitaanza kufikiria upya.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja mlangoni kumwombea Rufus nifute mashtaka, akasema mume ni mume na ugonjwa huu umewavuruga wanaume wengi. Jerotich alimwacha amalize. Kisha akamwambia, "Mzee, dole gumba si ugonjwa." Akafunga mlango. Kesi ni Februari. Nitasimama niseme. Nawe utasema, taya litakuwa limepona.

Kazini wamenirudishia nafasi yangu. Nimepata chumba Parramatta karibu na mto, kidogo, mlango una kitasa kipya na funguo ziko mbili: moja yangu, moja yako.

Mzee Ildephonse mwambie mimi si mwanajeshi, ila namsalimu.

Kesho wanafungua mji. Hospitali wamesema mgeni mmoja aliyechanjwa ataruhusiwa, na nimeandikisha jina langu. Nitachukua basi la kwanza. Nimekupikia uji wa wimbi mwepesi unaopita kwenye mrija.

Zile nywele alizong'oa hazijaota, palibaki kama sarafu upande wa kulia. Jerotich alichukua mashine akaninyoa zote ziwe sawa. Na mdomo umepona kwa kovu, nikicheka unavutika upande. Usishtuke ukiniona nikishusha barakoa. Mimi jicho lako nimekwisha kujizoeza nalo. Kila asubuhi nafumba langu la kushoto, navaa nguo hivyo, nachemsha chai hivyo. Sukari niliimwaga mara mbili tu.

Achola